Chila imegoma kushuka chini ya nyuzi 2

Wakuu, chila yetu ya maabara (mashine ya kupoza kimiminika na kukizungusha), tangi la lita 15, nimeiseti -5. Ikifika nyuzi 2 mtiririko unakufa, kengele inalia. Gesi ya kupoza iko sawa, kichujio nimekisafisha mara mbili. Kimiminika kikipungua huwa naongeza maji ya bomba.

Jibu: Mchawi wako ni hayo maji ya bomba. Umeizimua glaikoli (kemikali ya kuzuia kimiminika kisigande) mpaka inaganda ndani ya ivapoleta, sehemu ambayo gesi hupozea kimiminika, ambako baridi ni kali kuliko tangini, na njia inaziba. Izime sasa hivi! Mimi nilipuuza, barafu ikapasua ivapoleta, maji yakaingia kwenye gesi, kompresa nayo ikafa. Pima kiasi cha glaikoli kwa rifraktomita (kipimo kinachotumia mwanga). Rangi haikwambii kitu. Propileni glaikoli ya asilimia 30 huganda karibu -13. Changanya na maji yaliyotoneshwa.

Jibu: Usiweke kulanti ya gari, kemikali zake za silikati huharibu sili (vizuia uvujaji) za pampu. Wala usizidishe glaikoli, inakuwa nzito na kubeba joto kidogo.

Muulizaji: Nimepima. Glaikoli ni asilimia 11 tu! Namwaga yote.