Glandi za maboksi ya nje ufukweni: plastiki, brasi, steinlesi au silikoni tu?

MamaBarafu_Igombe

Habari za jioni wakuu. Nina banda la barafu hapa mwalo wa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Ndani kuna friza nne. Nje kuna boksi la pampu inayovuta maji ziwani, taa mbili, na soketi ambayo vijana wa dagaa wanachajia betri za taa zao. Tangu masika yaanze, kila ikinyesha usiku breka ya RCD (ile inayokata umeme ukivuja) inaruka, friza zinazima, asubuhi nakuta barafu imeshaanza kutoa jasho.

Jumapili nilizima meni swichi nikafungua boksi la pampu. Maji kama nusu kikombe cha chai. Skrubu za koneta zimeota ukijani, shaba ya waya imekuwa nyeusi. Fundi aliyefunga alitoboa tundu linaloingia kidole gumba, akapitisha waya, akajaza silikoni. Ukiuvuta waya kidogo, silikoni inabaki kwenye boksi na waya unacheza peke yake.

Leo nimezunguka maduka ya umeme mjini. Nimeonyeshwa glandi (vile vifungio vinavyobana waya pale unapoingia kwenye boksi) za plastiki nyeusi, za plastiki nyeupe, na za brasi zinazong'aa. Muuzaji mmoja kaniambia karibu na maji ni brasi tu. Jirani anasema nichukue steinlesi moja kwa moja. Mwingine anasema nirudie silikoni, ila iliyo bora. Maboksi ni manne, matundu jumla tisa. Naomba aliyekaa nazo ufukweni anilinganishie kabla sijatoa hela.

Fundi_Ilemela

Pole sana mama, barafu haisubiri.

Wote hao wamekutajia mwili wa glandi, na mwili siyo unaozuia maji. Kinachozuia ni raba ya ndani. Ukikaza nati ya kichwani, yale meno ya plastiki yanaisukuma raba mpaka ikumbatie waya pande zote. Kwa hiyo swali la kwanza ni unene wa waya wako kwa nje, pamoja na ganda lake. Pima kwa kalipa. Kama huna, zungushia uzi waya mara kumi zikae zikigusana, ukate, gawanya urefu kwa kumi halafu kwa 3.14.

Kila glandi ina kipimo cha waya inaoukubali. M20 (za tundu la milimita 20) za plastiki utakuta moja inashika milimita 6 hadi 12, nyingine 10 hadi 14, na kwa macho ni mapacha. Waya wa milimita 8 ukiutia kwenye hiyo ya pili, utakaza mpaka nati iishe njia na raba haitaubana. Ukiuvuta utateleza. Hapo hata iwe ya dhahabu, maji yanaingia.

Ndiyo maana usinunue kwa kusoma IP68 kwenye pakiti peke yake. Namba hiyo ilipatikana glandi ikiwa na waya wa duara wa unene unaoifaa, imekazwa inavyotakiwa, kwenye tundu safi. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa. Ya pili ni maji: 5 ni mchirizi wa bomba, 6 ni bomba lenye nguvu, 7 ni kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30, 8 ni kuzama zaidi ya hapo kwa kina na muda anaoutaja mtengenezaji. Boksi lako liko ukutani, haliogelei. IP65 au IP66 ya kweli inakutosha, na boksi lenyewe liwe na kiwango hichohicho, maana glandi nzuri kwenye boksi lenye mfuniko uliopinda ni hela ya bure.

Kwa nyaya za kawaida kuingia boksi la plastiki, mimi nachagua plastiki nyeusi ya nailoni PA66. Haishiki kutu, haina ethi ya kuhangaikia, na ile nyeusi inavumilia jua kuliko nyeupe. Nyeupe za bei rahisi nimezivunja kwa vidole baada ya misimu michache juani. Zinakuwa kama chaki.

Mpwani_Tanga

Naongezea kuhusu steinlesi, kwa sababu nadhani ushauri huo umetoka kwetu huku pwani. Sisi tunaihitaji kwa sababu ya chumvi. Upepo wa bahari unaiweka chumvi kwenye kila kitu, na chuma cha kawaida kinaliwa mbele ya macho yako. Ziwa lenu ni maji baridi. Mama, unyevu unao na mawimbi unayo, lakini chumvi huna. Usilipie dawa ya ugonjwa usiokuwa nao.

Na hiyo brasi inayong'aa, nenda na sumaku. Brasi haivutwi na sumaku. Ikinasa, ujue ni chuma kilichopakwa rangi ya fedha, na hicho kitaota kutu hata kwenye maji baridi.

Kijana_wa_Nyakato

Mimi bado nasoma umeme, lakini kuna kosa limenigharimu boksi zima kwenye kazi ya mazoezi. Madukani kuna vipimo vya aina mbili vimechanganywa ndoo moja: vya M (M16, M20, M25) na vya zamani vya PG (PG9, PG11, PG13.5). PG13.5 inataka tundu la milimita 20.4, M20 inataka 20. Zinafanana kabisa, lakini nyuzi zake haziendi pamoja. Nilichukua nati ya moja nikailazimisha kwenye nyingine. Ilishika mizunguko miwili ikakaa upande, nilipozidisha nguvu boksi likapasuka. Nunueni glandi na nati yake zikiwa zimefungwa pamoja, na uijaribu kwa vidole hapohapo dukani.

Nansio_Sola

Niko Ukerewe, nafunga sola na taa za walinzi wa vizimba vya sato. Natofautiana kidogo na Fundi. Kwenye boti na vizimba natumia brasi, kwa sababu waya unavutwa, unakanyagwa na kutikiswa mchana na usiku, na plastiki inachoka shingoni pale penye nyuzi. Ukutani pasipo na mtikisiko, sawa, plastiki.

Ila kuna kitu hakijasemwa. Pampu yako mama, ule waya wake ukoje kule mwisho? Nimewahi kubadilisha glandi mara mbili kwenye boksi moja na bado maji yakaingia. Kumbe ganda la waya lilichanika kule chini majini. Maji yaliingia kwenye mchaniko, yakatembea ndani ya waya katikati ya nyaya ndogo, yakatokea ndani ya boksi yametulia kabisa. Glandi ilikuwa kavu. Pitisha mkono kwenye waya wote kabla hujalaumu glandi.

Fundi_Ilemela

Mkuu wa Nansio, kwa boti nakubaliana na wewe. Ila kwa boksi la plastiki la mama, brasi inaleta chuma kinachoguswa kwa mkono bila kuunganishwa na ethi. Siku waya ukichubuka ndani ya shingo, chuma hicho kinakuwa na umeme na hakuna breka itakayojua mpaka mtu akiguse. Kwa hiyo hapo plastiki siyo ya bei rahisi tu, ni salama zaidi.

Brasi inakuwa lazima kwa amadi kebo, ile yenye nyuzi za chuma. Kama waya wa pampu unapita ardhini, huo ndio ushauri wangu. Glandi ya amadi inabana zile nyuzi za chuma, na chuma hicho kinaungwa na ethi kwa ile pete yenye sikio inayokaa kwenye boksi. Dukani omba CW. Wakikupa BW, rudisha: hiyo ni ya ndani pakavu, haina raba ya kuzuia maji.

Mzee_wa_Kamanga

Nimewasoma vijana wangu, mmesema vizuri. Mimi nimefunga umeme mialoni na kwenye vyombo vya majini miaka mingi, sasa nimepumzika. Nitasema juu ya mkono, kwa sababu vifaa vyenu ni vizuri kuliko vyetu lakini maboksi bado yanajaa maji.

Glandi iingie kwa chini ya boksi. Siyo juu, na ubavuni ni pale tu unapokosa njia. Kabla ya kuingia, waya ushuke chini ya boksi halafu upande tena juu, kama shingo ya bata. Tone linalotembea juu ya waya litafika pale chini kabisa na kudondoka. Hilo peke yake, hata kabla ya raba, linaondoa maji mengi kuliko mnavyofikiri. Mama, boksi lako najua bila kuliona: waya unatoka juu kwenye bati, unashuka moja kwa moja mpaka kwenye tundu. Mvua imepewa ngazi.

Tundu toboeni kwa msumeno wa duara wa drili au ile drili ya ngazi, siyo kwa msumari wa moto. Tundu la msumari lina midomo iliyovimba na raba haiwezi kulala juu yake. Futeni makombo kwa kisu. Raba bapa ikae nje, kati ya bega la glandi na boksi, nati ndani. Kaza nati ya ndani kwanza, ukishika mwili wa glandi kwa spana ya pili usizunguke. Halafu ingiza waya, kaza kichwa kwa mkono mpaka kigome, kisha spana nusu mzunguko. Usiuminye waya mpaka ubadilike umbo. Kesho yake rudi ukague, maana ganda la waya linalegea likibanwa, na mara nyingi nati itakubali robo nyingine. Fundi asiyerudi kesho yake hajamaliza kazi.

Tundu lisilotumika lizibwe kwa kizibo chake chenye raba. Karatasi ya nailoni si kizibo.

Silikoni: ile yenye harufu kali ya siki inatoa asidi ikiwa inakauka. Ndani ya boksi lililofungwa asidi hiyo haina pa kwenda, inakula shaba. Ukijani ulioukuta kwenye koneta, mwanangu, sehemu yake ni maji na sehemu yake inaweza kuwa hiyo. Silikoni si glandi. Haiubani waya usivutwe, na haishikani na ganda la PVC.

Jambo la mwisho. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda, maboksi yaliyofungwa usawa wa goti yaliingia majini. Usitafute glandi ya kushindana na ziwa. Pandisha boksi.

MamaBarafu_Igombe

Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa, waya unashuka kutoka kwenye bati moja kwa moja. Nimeenda kuangalia na tochi usiku huuhuu. Wabeja sana.

Swali: nikiziba kila kitu hivyo, lile jasho la ndani ya boksi? Boksi la taa halina tundu hata moja la wazi, na mfuniko kwa ndani umejaa matone.

Mzee_wa_Kamanga

Marahaba mama. Mchana boksi linapata joto, hewa inatanuka na kutoka. Jioni upepo wa ziwa unalipoza ghafla, hewa inasinyaa na kuvuta unyevu kupitia penye udhaifu wowote. Zamani tulitoboa kitundu kidogo chini kabisa ili maji yachirizike.

Nansio_Sola

Mzee wangu, kwa heshima, hicho kitundu siku hizi nimeacha. Vile vidudu vya ziwani vinavyoinuka kama moshi vinafuata taa usiku, na kitundu kikiwa karibu na taa kinazibwa na mizoga yao kwa wiki moja, halafu sisimizi wanakuja kuifuata. Na ukishatoboa, IP ya boksi imekufa. Kuna glandi za kupumulia, zina ngozi nyembamba ndani: hewa inapita, maji hayapiti. Ninaweka moja chini ya kila boksi la taa.

Mzee_wa_Kamanga

Hiyo ni bora kuliko yangu. Nakubali.

Fundi_Ilemela

Mama, kazi yenyewe mpe fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji), na mwambie kabla ya kuwasha apime nyaya kwa mega ya volti 500, kile kifaa kinachopima kama ganda la waya linavujisha umeme. Ikisoma chini ya megaomu 1, asiwashe, kuna waya umelowa au umechubuka. RCD iwe ya miliampia 30, na usikubali mtu aiondoe kwa sababu "inasumbua". Imekuwa ikiwalinda hao vijana wa dagaa wanaoshika soketi mikono ikiwa imelowa.

MamaBarafu_Igombe

Narudi na mrejesho. Fundi alikuja Alhamisi. Nyaya zilipimwa: wa pampu milimita 11, nyingine 8 na nusu. Tumeweka M20 nyeusi za 6 hadi 12 kwenye matundu yote tisa, zinaingia chini, kila waya una shingo ya bata, na maboksi yote yamepanda mpaka usawa wa kifua. Waya wa pampu tuliupapasa wote, haujachanika. Ijumaa fundi alirudi, na glandi sita kati ya tisa zilikubali robo mzunguko kama mzee alivyosema.

Ndani ya kila boksi niliacha kipande cha tishu, mbali na koneta. Jana usiku imenyesha kuanzia saa 6 mpaka alfajiri. RCD haikuruka. Asubuhi tukazima, tukafungua: boksi la pampu na maboksi ya taa yote mawili, tishu kavu. La soketi, tishu imelowa kona moja.

Kijana_wa_Nyakato

Mama, waya wa soketi ni wa duara au ni ule bapa wa nyumbani?

MamaBarafu_Igombe

Bapa! Nimeenda kuangalia sasa hivi. Raba imeubana juu na chini, ubavuni kuna upenyo unaoingia kijiti cha kiberiti. Na ile 8 na nusu tuliyopima ilikuwa upana wake.

Fundi_Ilemela

Ndiyo hapo hapo. Raba ya duara haiwezi kufunga waya bapa, hata ukikaza mpaka ulie. Zipo raba zenye tundu bapa, ila huzioni kila duka. Badilisha kipande hicho tu uweke waya wa duara wenye ganda gumu la nje, glandi yako ni ileile.

MamaBarafu_Igombe

Kesho saa 4 fundi anakuja nao. Soketi nimeizima kwenye breka yake, vijana watachajia kwa jirani usiku wa leo. Tishu mpya ninayo tayari.