Naomba ushauri: vishimo chini ya macho, nichomwe sindano au nifanyiwe upasuaji?

Binti wa Upanga:
Ndugu wanajamvi, salaam. Nina umri wa miaka 39 na ninaishi Dar es Salaam. Nina vishimo chini ya macho vinavyoanzia kwenye kona ya jicho iliyo karibu na pua na kushuka mshazari kuelekea shavuni, kiasi kwamba kila ninapofika kazini naulizwa kama nimelala. Usingizi napata wa kutosha, na mama yangu mzazi anavyo vilevile. Kliniki moja ya urembo imenishauri nichomwe sindano za kujaza, nyingine imesema kuchomwa plazma, yaani majimaji ya damu yangu mwenyewe, inatosha, na rafiki yangu ananihimiza nifanyiwe upasuaji mara moja niachane na habari hii. Ngozi yangu ni nyeusi na hubaki na alama hata ya chunusi ndogo. Wenye uelewa, nianzie wapi?

Tabibu Mstaafu:
Mwanangu, anza kwa kujua unachotibu. Usiku kaa mbele ya kioo, zima taa, kisha washa tochi ya simu na uielekeze usoni kutoka mbele. Baada ya hapo iinue juu ya kipaji cha uso. Kivuli kikipotea mwanga ukiwa mbele na kurudi ukiwa juu, hilo ni bonde: mafuta na mfupa wa chini ya jicho vimepungua, huku kano inayoshikiza ngozi kwenye mfupa ikibaki palepale. Weusi usipobadilika popote mwanga utokako, hiyo ni rangi ya ngozi, na hakuna sindano ya kujaza itakayoiondoa. Wengi wetu tunavyo vyote viwili kwa pamoja, na hapo ndipo watu hulipa fedha nyingi wakatoka wakilalamika kwamba hawajaona tofauti.

Kwa bonde halisi, fila (hiyo sindano ya kujaza) ya asidi ya hayaluroniki ndiyo inayotumika zaidi, kwa sababu ikikaa vibaya huyeyushwa kwa kimeng'enya cha hayaluronidesi. Hata hivyo, Marekani iliidhinisha fila ya Juvéderm Volbella kwa eneo hili mwaka 2022 tu, ingawa madaktari walikuwa wakilichoma miaka mingi kabla ya hapo bila idhini mahsusi. Ngozi ya hapo ni nyembamba mno, na mishipa ya damu inayopita jirani imeungana na ile inayolisha jicho. Fila ikiingia ndani ya mshipa inaweza kupofusha. Ni nadra sana, lakini hutokea. Plazma husaidia kidogo ubora wa ngozi, ila haijazi shimo, kwa hiyo aliyekuambia kwamba inatosha mwombe akuonyeshe picha za wateja wake mwenyewe.

Mama Salma:
Naunga mkono, na niongeze yaliyonipata. Nilichomwa fila mahali nisipopataja. Wiki za mwanzo nilifurahi, kisha eneo likaanza kuvimba kila asubuhi na kuonekana la kibuluu kwenye mwanga wa jua, kwa kuwa dawa ilikuwa imewekwa juujuu. Daktari mwingine aliiyeyusha, na uvimbe ukaisha. Dada, ukiona tayari una vifuko vinavyovimba asubuhi, fila itavizidisha, kwani hayaluroniki huvuta maji.

Kaka wa Kange:
Mimi natofautiana nanyi kidogo. Mwenye vifuko vya mafuta vilivyochomoza juu ya bonde hana sababu ya kurudia sindano miaka nenda rudi, wakati daktari wa upasuaji anaweza kuyasogeza mafuta hayohayo yakalifunika bonde. Dada yangu mkubwa alifanyiwa hivyo, akakaa nyumbani na michubuko kwa siku kadhaa, na mpaka leo hajarudi tena.

Tabibu Mstaafu:
Ni kweli, Kaka, lakini kwa mwenye vifuko. Asiye navyo hana cha kusogezewa, labda achukuliwe mafuta ya tumboni au pajani, nayo hayayeyushwi yakikaa vibaya.

Neema K:
Tafadhali usikimbilie mkorogo. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku hapa nchini, lakini sokoni bado zipo, na baadhi huuzwa kwa jina la krimu ya macho.

Binti wa Upanga:
Nawashukuru sana. Nimejaribu tochi: kivuli kinapungua lakini hakiishi, na vifuko sina. Je, leza ingefaa kwa huo weusi unaobaki?

Tabibu Mstaafu:
Kwa ngozi inayobaki na alama ya chunusi, leza nisingeanza nayo, kwa kuwa yenyewe inaweza kuongeza weusi. Anza na losheni ya kukinga jua kila siku, acha kufikicha macho, na umwone daktari wa ngozi aliyesajiliwa akuandikie dawa ya kupunguza huo weusi. Bonde lishughulikie baadaye, kwa kiasi kidogo cha fila. Siku hiyo muulize mchomaji kama hayaluronidesi ipo chumbani humo, na uombe kuiona chupa yake pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Akijibu kwamba ataiagiza ikihitajika, chukua mkoba wako uondoke, kwa sababu mshipa ukiziba hakuna muda wa kusubiri mzigo ufike.