Kiti cha bure nyuma ya marubani: mpwa wangu ananipiga kamba?

Mjomba wa Chumbageni: Wakuu, shikamooni. Mpwa wangu ni rubani Marekani, kaja likizo. Juzi Raskazone, tunatafuna pweza, akasema huenda kazini kwa ndege ya kampuni pinzani, bure, kwenye kiti cha kukunja nyuma ya marubani. Mimi basi la Dar likijaa nasimama hadi Segera na nauli konda anachukua yote! Kweli hiyo?

Mstaafu: Marahaba. Kweli tupu. Kampuni zina makubaliano: nibebee wangu, nikubebee wako. Ila si haki yake, ni fadhila ya rubani mkuu wa safari ile. Anakwenda mwenyewe kumwomba, kwa adabu, kama anabisha hodi ukweni. Akiambiwa hapana, yamekwisha. Kabla ya hapo getini wanamkagua kwenye mfumo wa CASS kama bado ameajiriwa.

Bi Ngamiani: Kiti hicho kimewahi kuleta balaa. 1994 mfanyakazi wa FedEx alipanda hivyo hivyo, kasha la gitaa mkononi, ndani nyundo. Aliwapiga marubani vichwani angani. Walivuja damu, lakini wakaigeuza na kutua Memphis.

Mjomba wa Chumbageni: Makubwa! Nimembana tena. Kumbe Desemba alikwama Chicago usiku kucha: kiti kimoja, waombaji watatu, rubani wa kampuni yenye ndege akatangulizwa. Alilala sakafuni, kofia ya kazi usoni. Hilo Raskazone hakulitaja, na pweza nililipa mimi.