Ndugu wa mgonjwa wakianza fujo usiku, mnawafundishaje watumishi?

Inchaji_Zamu
Wakuu habari za mchana. Mimi ni inchaji wa kituo cha afya huku mkoani. Juzi usiku kaletwa majeruhi wa bodaboda, ndugu kama sita hivi, daktari yuko tieta na mama mjamzito, wakasubiri wee mpaka mmoja akamkunja nesi wetu na kumzaba kofi. Mlinzi yuko getini hana habari. Sasa bosi kasema niandae mafunzo ya siku moja kwa wote hadi wa usafi. Naanzia wapi? Sitaki semina ya slaidi watu wanasinzia wakisubiri soda.

Baba Mapacha
Pole dada. Nimekaa emajensi miaka mingi, wengi hawaji kupigana, ukimya ndo unawapandisha. Mtu kakaa masaa mawili hajui nduguye mzima au keshakufa, unategemea nini? Awepo mmoja wa kutoka kila nusu saa kuwaambia kinachoendelea hata kama hakuna jipya. Halafu igizeni. Sisi dada wa usafi alijifanya ndugu mlevi, alituchachafya hatari 😂 ila hapo ndo tuligundua tunaongea watatu kwa mpigo na kila mtu anamwambia "tulia", neno lenyewe ni petroli hilo. Aongee mmoja, sauti ya chini, ataje jina lake, aulize mgonjwa wako nani. Usijibane kwenye kona na usimzibie yeye mlango. Mikasi na stendi za dripu zisikae karibu na benchi la ndugu.

Mlinzi Mstaafu
Mlinzi mnamsahau kila siku, naye akae kwenye hayo mafunzo, maana akiingia mbio na kirungu bila kujua kinachoendelea anaharibu zaidi. Wekeni neno la siri, mfano "niletee faili la kijani", yeyote akilisikia anajua amuite mlinzi.

Mama Tausi
Yote sawa ila msimtwishe nesi mzigo wote, yuko peke yake na wagonjwa arobaini, hata umfundishe vipi atafanya nini? Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 190 wa 2019, wa ukatili na unyanyasaji kazini, unazitaka nchi zilizouridhia ziweke sheria za kumtaka mwajiri akague hatari akishirikiana na wafanyakazi, mafunzo ni sehemu tu. Huyo nesi alipewa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi? Mmeandika popote? Kama kaumia, mwajiri apeleke taarifa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, hiyo ni ajali ya kazini, sio bahati mbaya.

Inchaji_Zamu
PF3 alipata. Kitabuni hatukuandika kitu aisee, leo naandika. Na Baba Mapacha umenistua, nimeenda kuangalia meza ya mapokezi, kumbe nesi anakaa ukutani kabisa, mtu akisimama mbele yake hana pa kutokea. Jioni tunaigeuza.