Majirani wa Nyakato: filamu ya Jumamosi

Dada Happy: Jamani habari za jioni. Filamu ya Jumamosi uani kwa Mama Nasra ni Who Killed Captain Alex?, ya Uganda, mwaka 2010. Ipo bure YouTube kwenye chaneli ya Wakaliwood wenyewe, studio iliyoitengeneza. Ni saa moja na dakika chache tu.

Baba Neema: Happy, si ndiyo ile yenye helikopta ya kubandika? Vipande vyake vinazunguka mitandaoni na watu wa nje wanavicheka. Mimi naona inatutia aibu. Filamu nzuri za Kiafrika zipo, kwa nini hiyo?

Dada Happy: Shikamoo Baba Neema. Ndiyo hiyo hiyo. Lakini kipande cha dakika mbili kwenye simu hakikupi filamu yenyewe. Kinakupa helikopta tu.

Baba Neema: Marahaba. Haya, nieleze.

Mzee Lugora: Ngoja nianze mimi, maana hapa watu huanzia pabaya. Msiitazame kama filamu ya sinema. Itazameni kama ya kibanda umiza. Ile sauti inayopayuka mwanzo mpaka mwisho ni ya VJ Emmie, na hiyo ndiyo kazi ya vibanda vya Kampala: mtu anashika maiki, anatafsiri, anasifu, anachochea. Kwetu kulikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro. Tofauti ni kwamba Lufufu na DJ Afro walichukua filamu za wageni wakazifanya zetu. Emmie anasherehesha filamu iliyotengenezwa na majirani zake wa Wakaliga, mtaa wa Kampala.

Baba Neema: Na isiyo na huyo msemaji ipo? Nipate kusikia waigizaji wenyewe.

Mzee Lugora: Haipo tena. Mwongozaji, Nabwana I.G.G., ilibidi aifute kwenye kompyuta apate nafasi ya filamu iliyofuata. Iliyobaki ni hii yenye sauti ya VJ. Wanaoizima sauti kwa kuona inawasumbua wanajinyima nusu ya kazi, kisha wanasema filamu haina kitu.

Mama Nasra: Wanaongea lugha gani?

Dada Happy: Waigizaji Kiganda, maandishi ya chini Kiingereza, na Emmie kwenye toleo hili anatumia zaidi Kiingereza. Kwa wasiofuata, tuwape kisa kabla hatujawasha. Kapteni Alex ni komando wa jeshi, anatumwa kulisaka genge la Tiger Mafia. Kiongozi wao ni Richard, mdogo wake anakamatwa, naye anataka kisasi. Alex anauawa. Kaka yake, Bruce U, bingwa wa kung fu, anakuja kumtafuta muuaji. Na niwaambie mapema: muuaji hajulikani hadi mwisho. Anayekaa kungoja jibu ataondoka amekasirika.

Baba Neema: Sasa jina lote la filamu ni swali halafu jibu halipo? Hapo ndipo ninaposema ni kazi mbovu.

Mzee Lugora: Mtazamaji wa kibanda hangoji jibu, Baba Neema. Anangoja pigano linalofuata. Kisa ni kamba ya kuanikia mapigano. Ukishalikubali hilo, mwisho wake haukusumbui.

Fundi Kessy: Mimi nazungumzia vyombo. Hii ni picha ya zamani yenye ubora mdogo, kwa hiyo msiikuze mpaka ukutani kote. Upana wa mita 2 unatosha, watu wakae kuanzia mita 4. Msiivute ijaze skrini, maandishi ya chini yatakatwa. Sauti ya VJ, risasi na muziki vimeshaunganishwa pamoja, huwezi kumpandisha Emmie peke yake. Punguza besi, ongeza sauti ya kati kidogo. Besi ikizidi, milipuko inameza maneno yote. Na spika isiwe ya bluetooth, sauti inachelewa nyuma ya picha. Tumia waya.

Baba Neema: Hayo sawa. Rudini kwenye helikopta.

Dada Happy: Bajeti yote wanasema haikufika dola 200. Nabwana alijifunza mwenyewe, na kompyuta aliiunga kwa vipuri. Skrini ya kijani ya studio, ile ambayo kompyuta huifuta ili uweke picha nyingine nyuma ya mtu, hakuwa nayo, alitundika kitambaa cha kijani ukutani. Kwenye kitambaa, kazi ngumu ni mwanga. Kikipata kivuli au mkunjo, kijani kinakuwa cha aina mbili tatu, programu inashindwa kuking'oa chote, ndipo unaona ukingo wa kijani unacheza kwenye nywele na mabega. Moto wa jengo nao unaonekana umebandikwa kwa sababu hauangazi kuta za jirani, kuta zimepigwa jua la mchana. Lakini angalia cheche za bunduki. Cheche hukaa fremu moja au mbili tu, yaani picha moja au mbili kati ya zile nyingi za kila sekunde, na kila moja lazima itokee kwenye ncha ya mtutu huku mkono wa mtu unatikisika. Sasa hesabu risasi za filamu nzima. Hiyo si kazi ya mtu mvivu.

Fundi Kessy: Na bunduki zenyewe ni za vyuma chakavu, anaziunda Dauda Bisaso.

Dada Happy: Damu je! Mwanzoni walitumia ya ng'ombe, mwigizaji akaugua, wakaiacha. Wakahamia rangi ya chakula ndani ya kondomu, inafichwa chini ya nguo na kufungwa uzi wa kuvulia samaki. Uzi ukivutwa, kifuko kinapasuka. Ukiangalia mtu anapopigwa risasi kifuani, tazama nguo inavyovutwa kabla damu haijatoka.

Baba Neema: Hilo la uzi sikulijua. Ila hoja yangu ya kuchekwa bado ipo.

Mzee Lugora: Ipo, na nina jibu. Hawakuitengeneza kwa ajili ya wageni. Waigizaji walizunguka nyumba kwa nyumba wakiuza DVD na kugawana mapato. Soko lao lilikuwa jirani. Wageni waliikuta baadaye kupitia YouTube. Na msikilize Emmie: hachoki kumsifu kila komando anayetokea, hata wa sekunde tatu. Anayecheka pamoja na Emmie hamdharau mtu.

Mama Nasra: Watoto wangu wadogo wakae?

Dada Happy: Watu wanakufa wengi, Mama Nasra. Hao wakalale, wakubwa wabaki. Na tusiache mtu atazame kimya. Emmie akipiga kelele tumjibu, dakika za mwanzo ambazo ni za maongezi zitapita vizuri.

Baba Neema: Basi nitakuja, na nitaanza na bunduki za huyo Dauda kabla ya helikopta. Kisa bado nakiona kilegevu, msinilazimishe kukisifu.

Mzee Lugora: Hakuna anayekulazimisha. Mapigano yaangalie vizuri, anayeigiza Bruce U ni mwalimu wa kung fu kwelikweli.

Fundi Kessy: Happy, pakua kabisa Ijumaa, tusitegemee bando. Mimi naleta projekta na kebo ya HDMI ya mita 5, ndefu zaidi ya hapo picha inaweza kukatika. Mama Nasra, naomba soketi ya peke yake, friji isiwe kwenye waya huo huo.

Mama Nasra: Ipo ya barazani. Njoo uijaribu kesho jioni.