Kurekodi taarab moja kwa moja kwenye diski badala ya mkanda: umeme ukikatika inakuwaje?

Mitambo_Tanga

Habari za wakati huu, wanajamvi. Ninahusika na kurekodi maonyesho ya kikundi cha taarab hapa Tanga. Kwa miaka mingi tumetumia kamera mbili za MiniDV (mkanda mdogo wa video ya kidijitali), na sauti tumeitoa kwenye miksa na kuiingiza katika kamera mojawapo. Mikanda mipya sasa ni adimu, na ile tunayoipata kwa bei kubwa mara nyingi imeshatumika. Kamera mpya si jambo la mwaka huu, lakini tuna kompyuta mpakato yenye tundu la FireWire (waya wa kuhamisha video kutoka kwenye kamera) na diski ya nje ya terabaiti 1. Tunafikiria kurekodi moja kwa moja kwenye diski, na wakati huohuo sauti ya kila maikrofoni, ambazo ni nane, iende kwenye faili lake badala ya kuchanganywa papo hapo.

Kinachonitia wasiwasi ni umeme. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, yote yaliyokwisha kuingia kwenye mkanda yanabaki salama. Kwenye kompyuta nimeona faili la saa nzima likikataa kufunguka kwa sababu mashine ilizimika kabla ya kurekodi kusimamishwa. Je, kuna namna ya kurekodi kwenye diski yenye uimara ule wa mkanda, au tuendelee kutafuta mikanda?

Mhariri_Picha

Ndugu, wasiwasi wako una msingi, ila tatizo hilo halitokani na diski bali na aina ya faili. Faili la MP4 au MOV lina faharasa inayoieleza programu kila fremu iko wapi, na kwa kawaida faharasa hiyo huandikwa mwishoni, pale unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, picha zote zimo ndani ya diski lakini programu haijui pa kuanzia kuzisoma.

Kamera zenu zinatoa njia bora kuliko hiyo. Data ya DV inayotoka kwenye FireWire ni ileile inayoandikwa kwenye mkanda, na haipungui ubora hata kidogo. Kwa PAL, mfumo wa video tunaoutumia Afrika Mashariki, kila fremu ni baiti 144,000 kamili, inajitegemea pamoja na sauti yake, na fremu 25 hupita kila sekunde. Mkiihifadhi jinsi ilivyo, katika faili la .dv lisilo na faharasa yoyote, faili hilo hata likikatika popote litafunguka hadi fremu ya mwisho iliyofika kwenye diski. Programu ya dvgrab ya mfumo endeshi wa Linux hufanya kazi hiyo vizuri. Mtakachopoteza ni sekunde chache, kwa kuwa mfumo endeshi hushikilia data kidogo kwenye kumbukumbu kabla ya kuiandika, na hata hizo zitaokolewa na betri ya kompyuta, mradi diski ya nje iwe inapata umeme kupitia waya wa USB na si ile yenye adapta ya ukutani. Hapa ndipo wengi hujikwaa: kompyuta inabaki hai, diski inazimika.

Kwa upande wa nafasi, mnazungumzia megabaiti 3.6 kwa sekunde, yaani takriban gigabaiti 13 kwa saa, kiasi ambacho diski yoyote ya leo inakimudu. Hakikisheni tu kwamba haijafomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kupanga mafaili kwenye diski, kwa sababu huko faili moja haliwezi kuzidi gigabaiti 4, na mtafika kikomo hicho chini kidogo ya dakika 20, pengine mwimbaji akiwa katikati ya ubeti. Mkitumia Linux, ifomatini kwa ext4, mpangilio usio na kikomo hicho.

Fundi_Kamera

Mkuu, toa mkanda ndani ya kamera unaporekodi kwenye kompyuta peke yake. Kamera nyingi za MiniDV zikikaa na mkanda bila kurekodi hujizima baada ya dakika 5 hivi ili kulinda vichwa vyake, na data ya FireWire hukatika hapohapo. Pia fungeni waya wa FireWire kwenye mguu wa kamera, kwa kuwa plagi ndogo ya pini 4 huchomoka kirahisi.

Kuhusu kutafuta mikanda, nisingeshauri. Machi 2011, tetemeko na tsunami vilipoharibu kiwanda cha Sony karibu na Sendai, Japani, mikanda ya HDCAM SR, ile ya video ya kitaalamu, iliadimika duniani na studio nyingi zikaharakisha kuhamia kwenye mafaili. Nyinyi mtafuteje kitu ambacho wenye fedha walishakiacha?

Mtunza_Kumbukumbu

Nakubaliana na waliotangulia, lakini naona jambo zito zaidi halijaguswa. Mkanda ulikuwa unafanya kazi mbili: kurekodi na kuhifadhi. Onyesho likiisha, uliandika tarehe kwenye kasha, ukauweka kabatini, na kesho ukanunua mwingine. Tunaposikiliza leo muziki wa dansi uliorekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1960 na 1970, tunanufaika na mikanda iliyobaki rafuni. Diski ikijaa, watu huifuta ili kupisha harusi ya Jumamosi. Taarab ya kikundi chenu, pamoja na wazee wanaoipiga, haitarudiwa, kwa hiyo nakusihi muwe na kanuni: hakuna kinachofutwa mpaka kuwe na nakala mbili kwenye diski mbili tofauti, zilizolinganishwa kwa SHA-256 (hesabu inayoonyesha kama mafaili mawili yanafanana kabisa), moja ikikaa nyumba nyingine kabisa. Kwa nakala za kabatini nunueni diski za kawaida za kuzunguka. SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, ikikaa muda mrefu bila umeme inaweza kupoteza data.

Mitambo_Tanga

Nawashukuru sana. Basi kamera ya mbele itaingia kwenye kompyuta, na ya pembeni itaendelea na mikanda iliyobaki. Swali la mwisho: sauti ikirekodiwa kando na picha, zitaendana kwa onyesho la saa nzima?

Mhariri_Picha

Hazitaendana zenyewe. Kamera ina saa yake ya ndani na kifaa cha sauti kina yake. Tofauti ndogo ya sehemu 20 kwa milioni huleta milisekunde 72 kwa saa, karibu fremu mbili, na kwenye midomo ya mwimbaji zinaonekana. Pigeni kofi moja mbele ya kamera mwanzoni na jingine mwishoni, kisha wakati wa kuhariri nyosheni sauti mpaka makofi yote mawili yaendane na picha. Endeleeni pia kupeleka sauti ya miksa kwenye kamera ili kuwe na cha kulinganishia.

Rekodini kwa kilohezi 48 na biti 24. Chaneli nane ni kama gigabaiti 4.1 kwa saa, kwa hiyo mkiziweka zote ndani ya faili moja la WAV la kawaida, litafika kikomo cha gigabaiti 4 baada ya saa moja na dakika mbili hivi; mpango wako wa faili kwa kila maikrofoni unaliepuka hilo. Mafaili hayo ya awali yaachwe kama yalivyo, na marekebisho yoyote ya sauti yafanyike kwenye nakala.