Mpangaji kahama bila kuaga, vyombo kaviacha ndani: ni vya nani?

Mwenye vyumba, Mtopanga
Nina vyumba sita hapa Mombasa alivyoniachia marehemu mume wangu, na kodi yake ndiyo isomeshayo watoto. Chumba cha nne walikuwa kijana na mkewe na mtoto anayetambaa, kodi shilingi 6,500. Kabla ya Idd walikuwa na deni la miezi miwili. Baada ya Idd, kimya. Simu imezimwa, kufuli mlangoni. Jirani asema mke alitoka alfajiri na mtoto na begi moja. Mume hakumwona kabisa.

Nilingoja wiki tatu. Kilichonimaliza subira ni harufu. Tokeni za stima ziliisha, friji ikazima, na ndani mlikuwa na samaki. Joto la huku mwalijua. Funza walitoka chini ya mlango wakafika kwenye ndoo za jirani. Nikamwita keateka, mwangalizi wa nyumba, na mama wa chumba cha tatu wawe mashahidi, tukavunja kufuli.

Sasa vyombo ni hivi: sofa ya watu watatu, godoro la tano kwa sita, friji ambayo hata ukiiosha kwa ndimu itanuka tu, mtungi wa gesi na meko, stendi ya televisheni (televisheni yenyewe haipo). Dipoziti imeliwa na mwezi wa kwanza, na mwezi huu nao waenda, kwa hivyo nadai 13,000. Na kuna mtu yuasubiri chumba. Msimamo wangu: ukiondoka bila kuaga na una deni, ulichoacha ndiyo malipo. Niambieni nimekosea wapi.

Msukuma mkokoteni, Kongowea
Hujakosea mama, ila pesa usitarajie. Sofa ya Mombasa misumari huliwa na hewa ya chumvi, wanunuzi wa samani wakiibonyeza mara moja washajua. Kuna siku tulitoa vyombo vya nyumba nzima kule Bombolulu, mwenyewe akidhani atarudisha deni. Alichouza kikatulipa sisi watatu na soda juu. Mtungi wa gesi ndiyo pesa. Vingine ni mzigo.

Mpangaji, Magongo
Mimi niliwahi kuwa kama huyo aliyeacha vyombo, kwa mwenye nyumba mwingine. Nilienda bara mazishini, malaria ikanilaza mwezi mzima, simu nikaiuza ninunue dawa. Kurudi, nakuta mlango una rangi mpya na mtu mwingine yuko ndani na familia yake. Deni langu lilikuwa la mwezi mmoja, 5,000. Aliyenipangisha kauza cherehani. Jamani, cherehani ndiyo iliyokuwa ikitoa hiyo kodi! Angenifungia chumba akaniachia cherehani, ningeshona kibarazani kwa watu na kumlipa.

Na si hiyo iliyoniuma zaidi. Chini ya godoro palikuwa na bahasha ya kaki: cheti cha kuzaliwa, cheti cha darasa la nane, cheti cha ufundi. Keateka akaniambia karatasi zilichomwa pamoja na taka nyuma ya choo. Cha kuzaliwa nilikipata tena baada ya kuzungushwa. Cha ufundi basi, chuo chenyewe kilishafungwa. Mama, kabla hujauza, inua godoro.

Karani wa ofisi ya wakili, mjini
Mama, kisheria umekosea pahali pamoja, lakini pakubwa. Kenya kuna sheria ya kukamata mali kwa deni la kodi, Sura ya 293, na haki hiyo ni ya mwenye nyumba kweli. Ila mkono wa kukamata si wako. Ni wa dalali mwenye leseni, anayefungwa na Sheria ya Madalali ya 1996: aorodheshe, atoe notisi, ndipo apige mnada. Ukimuuzia jirani mwenyewe, hata kwa bei nzuri, umeuza mali ya mtu. Katiba, kifungu cha 40, inalinda mali, na haikusema lazima iwe ya thamani. Huyo wa cherehani angeweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, tena bila wakili.

Wapangaji nao wasijidanganye. Ile sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inaishia kwenye nyumba ya kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Nionyesheni chumba cha bei hiyo kisiwani leo.

Mwenye vyumba, Mtopanga
Dalali yuataka ada yake, na vyombo vyote pamoja havifiki 13,000. Yaani nitoe pesa ili nikose pesa. Sheria hii ni ya mwenye maghorofa Nyali. Mimi wa vyumba vya futi kumi kwa kumi yanifaa nini?

Mzee, Kibokoni
Mwanangu, kwa babangu chini ya ngazi palikuwa na masanduku ya mabaharia. Mtu aja na upepo wa kaskazi, apanga chumba, kusi ikianza aondoka na jahazi, sanduku abakisha. Babangu alibandika jina kwa gundi ya unga. Wengine walirudi mwaka wa pili, wengine hawakurudi kabisa, na sikuona hata moja likifunguliwa. Ile ilikuwa amana. Hata kitu cha kuokota njiani dini yataka kitangazwe mwaka. Wewe wiki tatu washauliza bei?

Kijana, Majengo
Shikamoo mzee. Lakini amana hukabidhiwa. Baharia alisema "nishikie". Huyu hakumkabidhi mtu kitu, kafunga kufuli lake kaenda zake. Wala si luqata, kitu cha kuokota: cha kupotea, mwenyewe hajui kiko wapi. Huyu yuajua vyema, ndipo simu kazima. Mjane ageuzwe ghala ya bure mwaka mzima kwa sababu gani?

Mzee, Kibokoni
Marahaba. Yuajua, au yuaona haya? Mwanamke kutoka alfajiri na mtoto na begi moja, hiyo mimi siiiti hila.

Mwenye nyumba, Likoni
Mnachanganya mambo mawili. Chumba ni cha mama, akipangishe hata leo, msimwekee mwaka. Vyombo ndivyo si vyake. Mimi hufanya hivi: namwita mzee wa mtaa, napiga picha kila kitu mahali kilipo, naandika orodha tunatia sahihi, nachukua namba ya OB, kitabu cha matukio, kituo cha polisi. Chakula kinatupwa siku hiyo hiyo, hilo halihitaji mjadala. Karatasi zote naziweka kabatini mwangu. Vilivyobaki vinakaa pembeni ya ukumbi. Na kwenye mkataba mpya nimeongeza namba ya jamaa wa karibu na siku 30 za kuchukua vyombo.

Karani wa ofisi ya wakili, mjini
Hicho kifungu cha siku 30 kitakusaidia kujitetea. Hakikupi leseni ya dalali.

Mwenye vyumba, Mtopanga
Nimeinua godoro. Bahasha hamna. Nimekuta kijitabu cha kliniki cha mtoto, na chanjo ya surua ya miezi 9 haijajazwa. Nyuma kuna namba imeandikwa kwa kalamu. Nikapiga, akashika dada wa yule mke, yuko Mariakani. Amekuja leo kwa matatu. Mume alishaondoka kitambo, na mke alikuwa akiambiwa kodi imelipwa. Dada mtu kachukua kijitabu, shuka, sufuria mbili na viatu vya mtoto. Nikamwuliza sofa je, akasema, "Fanya uonavyo, mama."

Karani wa ofisi ya wakili, mjini
Alitia sahihi?

Mwenye vyumba, Mtopanga
Alikuwa analia. Kalamu ningemtolea vipi? Chumba nimempa yule aliyekuwa akisubiri. Sofa iko kibarazani na mvua ishaanza.

Msukuma mkokoteni, Kongowea
Nije na mkokoteni?

Mwenye vyumba, Mtopanga
Bado kwanza. Friji waweza kuja kuichukua, bure. Mtungi nimeuingiza ndani kwangu.